Juu ya nini udongo unafunga chakula chake



Hakuna swali lililotufikia mara nyingi kama hili: «Nilirudia nyumbani, nikafyeka, nikachoma. Mwaka wa kwanza mahindi ikabeba vizuri sana. Wa pili ikapungua. Wa tatu, muhogo tu njo ilibakia. Mvua ni ile ile, udongo ni ule ule. Ni nani ameharibu shamba yangu?»

Angalieni vile swali linamalizika. Linauliza «ni nani», haliulizi «ni nini». Hapo njo matata inaanza. Mtu aliyelima shamba lile wakati mwenyewe alikuwa Nyarugusu ao Lugufu anakuwa mshitakiwa wa kwanza. Mzee jirani, ambaye hakukimbia, anakuwa wa pili, na yeye anashitakiwa uchawi. Tumeona familia mbili zisizosalimiana tena juu ya maharagi iliyogeuka njano.

Aliyeandika kurasa hizi alifundisha historia, hakufundisha kilimo. Lakini swali hili lina historia yake, na ndani ya historia hiyo kuna wakubwa wa elimu waliolikosea vibaya kuliko sisi. Tuanzie kwao, kisha turudie hapa kwetu Fizi na Uvira.

Mwaka 1840, huko Ujerumani, mwalimu wa kemia Justus von Liebig alitoa kitabu kilichogeuza mawazo ya Ulaya. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba mmea unakula ule weusi wa udongo, yaani mboji yenyewe. Liebig akasema hapana: mmea unakula hewa, maji na madini, kama vile potasiamu, fosforasi na kalisiamu. Choma mmea, pima majivu yake, utajua ni kitu gani mavuno yalitoa shambani. Rudisha kitu hicho kwa kipimo, na shamba litabeba tena. Ni hesabu ya mwenye duka: kilichotoka, kiingie. Si yeye wa kwanza kufikiri hivyo, Mjerumani mwenzake Carl Sprengel alikwisha kuandika mambo ya namna hiyo, lakini Liebig njo alikuwa na sauti kubwa.

Kisha akataka kuuza mbolea. Mwaka 1845 mbolea yake ilianza kutengenezwa Uingereza, kwa kiwanda cha Muspratt cha mji wa Liverpool. Hapo Liebig akaogopa jambo moja: mvua. Alifikiri madini yakiyeyuka upesi, mvua itayabeba yote chini kabla mizizi haijayashika. Basi akaamuru yayeyushwe pamoja ndani ya tanuru la moto mkali mpaka yawe magumu kama kioo, halafu yasagwe. Wakulima walinunua, wakamwaga, wakangojea. Haikutoa kitu. Mbolea ilikuwa na kila kitu kilichoandikwa kwenye mfuko, na mmea ulikaa na njaa pembeni yake, juu mizizi haiwezi kula kioo.

Tusimame hapa kidogo. Chakula kuwa ndani ya udongo, na mmea kukipata, ni mambo mawili tofauti. Depo inaweza kujaa unga mpaka juu, lakini kama mwenye funguo ameenda safari, watoto watalala njaa mbele ya mlango. Kila kitu kinachofuata katika habari hii ni juu ya nani ana ile funguo.

Kioja ni kwamba hata woga wa Liebig haukuwa na msingi mkubwa. Wakati ule ule, mkulima mmoja wa Yorkshire jina lake Thompson aliona kwamba udongo unaweza kushika mbolea hata maji yakipita. Mkemia John Thomas Way akalifuata jambo hilo, akatoa majibu yake mwaka 1850. Alijaza udongo katika mrija, akamwaga juu yake maji yenye chumvi ya amonia, kisha akapima maji yaliyotoka chini. Amonia haikutoka. Mahali pake ilitoka kalisiamu. Udongo ulipokea kimoja na ukatoa kingine, sawa vile mama wa Baraka anavyompa mama wa mlimani ndakala na kupokea unga wa muhogo. Liebig alimpinga Way kwa ukali. Baadaye akakubali.

Toka hapo watu wakaanza kuelewa kwamba udongo ni soko. Vipande vidogo sana vya udongo wa mfinyanzi, pamoja na mboji, vina meza ndogo ndogo ambazo madini yanakaa juu yake. Mzizi unakuja, unatoa kitu chake cha asidi, unachukua kalisiamu ao potasiamu. Udongo wenye meza nyingi unalisha muda mrefu. Udongo wa mchanga una meza chache, basi mvua ikinyesha sana kila kitu kinashuka chini. Na ule udongo wetu mwekundu wa milimani, uliooshwa na mvua miaka maelfu na maelfu, una mfinyanzi wa aina yenye meza chache vilevile. Sehemu kubwa ya meza zake ziko ndani ya mboji, ile ngozi nyeusi ya juu, isiyozidi pengine kiganja kimoja. Ngozi hiyo ikienda na maji ya mteremko, umepoteza chakula na meza pamoja.

Funguo ya pili ni asidi. Mwaka 1909, katika mji wa Copenhagen, Sørensen wa maabara ya kiwanda cha pombe cha Carlsberg aliweka kipimo kinachoitwa pH. Ndiyo, ndugu, kipimo ambacho agronomu anakuja nacho shambani kilitoka kwa watu wa bia. Katikati ni 7. Chini yake ni asidi, juu yake ni upande wa chumvichumvi na majivu. Kila hatua moja ni mara 10: udongo wa 5 una asidi mara 10 kuliko wa 6. Mimea yetu mingi inapenda kati ya 6 na 7.

Udongo ukishuka chini ya 5,5 mambo mawili yanaanza. Kwanza, aluminiamu, ambayo imo ndani ya mfinyanzi wenyewe na kwa kawaida haisumbui mtu, inaanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Ng'oa haragi katika shamba la namna hiyo: utaona mizizi mifupi, minene, kama vidole vilivyokatwa. Maji yapo chini, mzizi haufiki. Pili, fosforasi inashikwa na chuma na hiyo aluminiamu. Chuma chenyewe njo kinachoupa udongo wetu rangi nyekundu. Mtu anamwaga mbolea nzuri ya bei kali, anaichanganya shamba zima, na udongo unaifunga kabla mmea haujaonja. Halafu anasema aliuziwa mbolea ya uongo. Mara nyingine ni kweli aliuziwa ya uongo. Lakini mara nyingi mbolea ilikuwa nzima, na udongo njo uliikamata.

Muhogo unavumilia asidi, na unasaidiwa na uyoga mdogo unaoishi kwenye mizizi yake na kuitafutia fosforasi mbali. Maharagi haivumilii. Mahindi iko katikati. Basi shamba likiisha kukataa maharagi, kisha mahindi, na kubaki na muhogo peke yake, limekwisha kutoa ripoti yake bila maabara. Kule kwenye baridi ya juu, zile fujeri zinazojikunja kichwa zikiwa changa zinatoa ripoti kama hiyo.

Ba koko zetu hawakusoma pH, lakini walikuwa na dawa yake: majivu. Pori likifyekwa na kuchomwa, kalisiamu, potasiamu na manyezi iliyokuwa imekaa ndani ya miti inashuka kwa siku moja juu ya udongo. Asidi inapungua. Aluminiamu inalala. Fosforasi kidogo inafunguliwa. Azoti nyingi inaenda na moshi, hiyo ni hasara, lakini mboji iliyobaki chini inaoza upesi na kulipa sehemu yake. Halafu mvua inaanza kazi. Kila masika inabeba kalisiamu na potasiamu kidogo kuelekea chini, na kila gunia la mahindi linabeba nyingine kuelekea soko. Asidi inarudia mahali pake. Ba koko waliona mavuno yanashuka, wakahama, wakaacha pori lirudi.

Wabeleji, wao, waliona hiyo kazi kuwa uvivu na uharibifu wa msitu. Tangu 1917 walikuwa na sheria ya kilimo cha lazima, na mashamba ya pamba yalisimamiwa kwa faini na jela. Mwaka 1933 wakaanzisha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo la Kongo, makao yake Yangambi, karibu kilomita 100 chini ya Kisangani kwa kufuata mto. Huku Kivu kulikuwa na kituo cha Mulungu. Sisi tunakumbuka hasa ubaya wa wakati ule, na ni haki. Lakini historia inatudai kusema pia kwamba wale watafiti wa Yangambi, walipoanza kupima, waligundua kwamba wazee hawakuwa wajinga.

Kazi ninayoipenda zaidi ilitoka 1953. Bartholomew, Meyer na Laudelout walikata pori lililopumzika kwa miaka mbalimbali karibu na Yangambi, wakapima majani, miti, mizizi, na madini yaliyomo ndani. Waliona kwamba katika pori la msitu sehemu kubwa ya chakula inakusanyika ndani ya miaka 5 ya kwanza hivi. Baada ya hapo pori linaendelea kuongeza, lakini polepole. Katika pori la majani matupu, mkusanyo ni mdogo zaidi. Maana yake ni kwamba utajiri wa shamba la msitu hauko sana ndani ya udongo, uko umesimama juu yake. Pori njo benki, na kufyeka ni kwenda kutoa pesa.

Kutokana na mawazo hayo, tangu miaka ya 1930 walikuwa wamejaribu mashamba ya mistari, yaliyoitwa «kuluari»: mstari wa upana wa mita 100 hivi unalimwa, wa pembeni unaachwa msitu, na kila mwaka watu wanasogea. Kwa upande wa udongo lilikuwa jambo lenye akili. Kwa upande wa watu lilikuwa jambo jingine: mistari ile ilipangwa na wazungu, ilifaa pia kuhesabu watu na kuwalimisha pamba, na mwenye kusogea hakuulizwa anataka kusogea wapi. Uhuru ulipofika 1960, watu wengi waliacha mistari pamoja na kiboko chake. Tulitupa vyote viwili, na sioni namna nyingine ambayo ingewezekana wakati ule.

Huku kwetu, katika bonde la Ruzizi, walipimia pia. René Germain alitoa mwaka 1952 kitabu kikubwa juu ya majani ya pori ya bonde hilo na mahali yanapoota. Kinachotuhusu ni kwamba Ruzizi ina ugonjwa tofauti na wa milimani. Sehemu fulani za bonde zina chumvi. Kiangazi, maji yanapanda juu, yanakauka, chumvi inabakia nyeupe kwenye uso wa udongo. Hapo pH iko juu, fosforasi inafungwa na kalisiamu badala ya chuma, na zinki na chuma chenyewe vinakosekana, majani machanga yanageuka njano wakati mishipa yake imebaki kijani. Mtu wa Sange akisikia kwamba majivu yalimponya ndugu yake wa mlimani, akaenda kumwaga majivu juu ya udongo wa chumvi, anazidisha ugonjwa. Ninalikaza neno hili kwa sababu katika mikutano yetu dawa inasafiri haraka kuliko jina la ugonjwa.

Sasa tufike 1996. Watu walivuka Tanganyika wakaacha mashamba. Kurudia kwa meli kutoka Kigoma kulianza 2005, na ukihesabu, shamba ambalo hakuna aliyeligusa lilikuwa limepumzika miaka 9 hivi. Kwa hesabu ya Yangambi, kama pori lilikuwa la miti, benki ilikuwa imejaa karibu yote. Waliorudi wakachoma, wakavuna mavuno ambayo hawakuyaona hata kabla ya vita, na wakaimba kwamba Mungu amewatunzia ardhi. Ilikuwa kweli kwa namna yake. Lakini walichovuna ilikuwa akiba ya miaka 9, na waliila kwa misimu mitatu ao minne. Hakuna aliyewaeleza hivyo. Mashirika yalitoa majembe na mbegu, hayakutoa hesabu.

Na wengine hawakupata hata hiyo. Mahali ambapo moto ulipita kila kiangazi, hapakuwa na miti, palikuwa na majani tu, na akiba ilikuwa ndogo toka mwanzo. Mahali ambapo mtu mwingine alilima wakati mwenyewe hayupo, akiba ilikwisha kuliwa. Hapa nitasema wazi: aliyelima pale alichosha udongo kweli, hatuwezi kumfichia. Lakini aliuchosha kwa kuvuna, sawa vile wewe ungeuchosha, na sawa vile baba yako aliuchosha kabla ya 1996. Ukitaka kumdai, mdai mbele ya wazee kwa ajili ya miaka aliyovuna. Uchawi hauingii katika hesabu hiyo.

Ushuhuda mzuri zaidi tulio nao uko chini ya miguu yetu. Waliorudi walikuta vijiji vimebomoka, na juu ya magofu, pale palipokuwa jiko na jalala, lengalenga imeota yenyewe, minene, ya kijani nzito, wakati hatua 20 mbele udongo ni mwekundu na umechoka. Mama wengi walipanda mboga hapo bila kuambiwa na mtu. Udongo wa pale ulizaliwa sawa na wa jirani. Miaka mingi ya majivu ya jiko, maganda ya ndizi, mifupa ya samaki, mavi ya mbuzi na ya kuku iliupunguzia asidi, ikauongezea mboji, na fosforasi ya mifupa ikapata mahali pa kukaa. Hakuna mfuko wa mbolea uliofika pale. Kwa wanaosema kwamba udongo wetu «ulikufa», hayo magofu njo jibu.

Kutokana na hayo tunaweza kupanga kazi ya msimu unaokuja. Mbolea ya mfuko, kama vile NPK 17-17-17 ao DAP, kwenye udongo mwekundu isimwagwe shamba zima. Iwekwe kidogo kidogo ndani ya shimo, pamoja na konzi ya samadi iliyooza, ikifunikwa na udongo kidogo ili isiguse mbegu. Ikikaa mahali pamoja inagusana na udongo mchache, na inafungwa pole. Samadi nayo inaikamata aluminiamu isifike kwenye mzizi. Na uree ikitumiwa peke yake mwaka baada ya mwaka inazidisha asidi, jambo ambalo wauzaji hawalisemi.

Yale maua ya njano yenye kufanana na alizeti, yanayojaa kando ya barabara, wataalamu wanayaita Tithonia. Magharibi ya Kenya, katika miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba majani yake mabichi, yakikatwa na kufukiwa, yanalisha mahindi vizuri kwa azoti, fosforasi na potasiamu. Yanataka mikono mingi, hilo si siri. Kwa bustani ya mboga inalipa. Kwa hekta nzima ya muhogo, sidhani.

Chokaa ni dawa yenyewe ya asidi. Mawe yake yapo, hata upande wa Kalemie kule Kabimba wanayachimba. Matata ni usafiri. Tani moja kwa hekta inamaanisha kilo 10 kwa kila mita 10 kwa 10, na mtu mmoja hawezi kukodi mtumbwi wa injini kwa ajili ya kilo 10. Jumuiya inaweza. Jambo hilo liko tayari kwenye orodha ya mkutano mkuu.

Lakini kabla ya kununua kitu chochote, kila mtu ajue ugonjwa wa shamba lake. Chukua mikebe mitatu ya unga wa maziwa, itoboe chini. Jaza yote udongo wa shamba lako. Wa kwanza uache hivyo hivyo. Wa pili changanya kijiko kimoja cha mezani cha majivu ya kuni. Wa tatu changanya konzi ya samadi iliyooza. Panda maharagi matatu kila mkebe, mwagilia sawa, ngojea majuma manne. Kisha yang'oe, uoshe mizizi kwa maji, na uipange kwenye sahani moja. Kama ile ya majivu imerefuka kuliko ya kwanza, asidi njo inakula shamba lako. Kama ya samadi tu imeshinda, unakosa mboji. Kama ya majivu imezidi kudhoofu, na wewe uko bondeni, chunguza chumvi.

Wenye kufanya jaribio hili walete mizizi kwa katibu siku ya mkutano, ikiwa imekaushwa na kufungwa katika karatasi yenye jina la kijiji na la mlima ao bonde. Tutaiandika yote katika daftari moja.